Kibuyu Kitupu: Baraza la Oyo Mesi na Nguvu ya Kumkataa Mfalme

Ninapofundisha historia ya Afrika Magharibi, neno la kwanza kunipa taabu ni "chifu". Mkenya akilisikia anamwona mtumishi wa serikali aliyevaa kaki, mwenye mshahara na lokesheni yake. Mtanzania anakumbuka watawala wa jadi waliovuliwa madaraka ya kiserikali mwaka 1963. Kwa Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nigeria, neno hilo moja hubebeshwa watu wawili tofauti: oba, yaani mfalme anayevaa taji, na oloye, mtu mwenye cheo. Wenye vyeo ndio hukaa barazani. Wengi tunalidhania baraza hilo kuwa kundi la wazee wa kumshauri mfalme na kumwitikia "ndiyo". Si kweli hata kidogo. Baraza liliweza kumwamuru mfalme afe.

Tuitazame Oyo, iliyokuwa dola yenye nguvu kuliko zote za Wayoruba katika karne ya 18. Mfalme wake aliitwa Alaafin, na mbele yake walikaa wakuu saba, Oyo Mesi: Bashorun, Agbaakin, Samu, Alapinni, Laguna, Akiniku na Ashipa. Hakuna hata mmoja aliyetoka ukoo wa kifalme. Kila cheo kilikuwa mali ya ukoo fulani wa mjini. Ukoo ulimtoa mtu wake, Alaafin akamthibitisha. Ukilielewa hilo umeelewa sehemu kubwa ya mfumo wenyewe, maana mtu asiyekipata kwako cheo chake huwezi kumtisha kwamba utamnyang'anya. Alaafin akifariki, hao saba ndio waliomchagua mrithi miongoni mwa wana wa ukoo wa kifalme. Jeshi nalo lilikuwa mikononi mwao, kwa kuwa makamanda 70 walioitwa Eso waliwajibika kwao.

Halafu kulikuwa na ibada ya Orun. Kila mwaka Bashorun, mkuu wa wale saba, alipiga ramli kujua kama pacha wa mfalme aliye mbinguni bado yuko naye. Jibu likiwa baya, na wenzake wakiwa wameshachoka na utawala huo, Alaafin aliletewa kibuyu kitupu, au mayai ya kasuku. Ujumbe ulijulikana: miungu imekukataa, watu wamekukataa, ardhi imekukataa. Mfalme alitakiwa kujiua. Hakukuwa na kesi ya kusikilizwa wala rufaa.

Hapa wanafunzi wangu huuliza swali lile lile, nami hulifurahia kila mara: je, nani alilizuia baraza lisichezee roho za wafalme? Jibu la kwanza lilikuwa gharama. Kwa mujibu wa mapokeo ya Oyo, mmoja wa Oyo Mesi alipaswa kufa pamoja na Alaafin, na mwana wa kwanza wa mfalme, Aremo, vilevile. Kwa hiyo kabla ya kupeleka kibuyu, wale saba walijua kwamba mmoja wao hatarudi nyumbani.

Jibu la pili lilikuwa Ogboni, chama cha siri cha wazee, wanaume na wanawake, waliomtumikia Ile, yaani Ardhi. Oyo Mesi walikuwa wanachama, lakini humo ndani sauti zao hazikuzidi za wazee wengine, na mfalme alikuwa na mwakilishi wake. Niliwahi kusimama muda mrefu mbele ya kabati la kioo lenye edan, alama ya chama hicho. Ni vijisanamu viwili vya shaba, mwanamume na mwanamke, vyenye macho makubwa yaliyotokeza, vimefungwa pamoja kwa mnyororo kichwani. Ukimtoa mmoja, unamvuta na mwenzake. Damu ikimwagika ardhini kwa ugomvi, shauri hilo lilikuwa la Ogboni.

Mfumo huu uliwahi kupinduka. Mwaka 1754 cheo cha Bashorun kilimwangukia Gaha, na kwa miaka 20 yeye ndiye aliyeitawala Oyo. Aliwaondoa Alaafin wanne mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, Awonbioju, kwa hesabu ya masimulizi, hakufikisha hata siku 131 katika kiti. Gaha aliwatawanya wanawe majimboni wakakusanya ushuru uliostahili kwenda ikulu. Mwaka 1774 Alaafin Abiodun, akishirikiana na makamanda wa mikoani, alimwangamiza. Wayoruba bado humtaja Gaha wanapomwonya mwenye moyo wa kutenda ubaya. Ninaposikia mabaraza ya jadi yakisifiwa kana kwamba yalikuwa demokrasia kamili, humkumbuka mtu huyu. Uzuri wa baraza ulitokana na uwiano wake, na uwiano ule ulitaka ulinzi wa kila siku.

Waingereza ndio waliouvunja kabisa. Utawala wao wa kupitia watawala wa jadi ulihitaji mtu mmoja wa kupokea amri na kukusanya kodi, hivyo wakamkabidhi oba mpini na kuwaachia wakuu wa baraza makali. Mfano uliokomaa ni Abeokuta, mji mwingine wa Wayoruba, ambako Alake, yaani mfalme wa huko, Ademola II alifanywa mamlaka pekee ya wenyeji. Wanawake wa sokoni walibanwa kwa kodi yao wenyewe, mbali na ile ya waume zao, na hawakuwa na kiti barazani, ingawa Wayoruba wana cheo cha Iyalode, mkuu wa wanawake. Kuanzia mwaka 1947 Funmilayo Ransome-Kuti, mwalimu na mtetezi wa haki za wanawake, aliwaongoza hadi mbele ya ikulu, maelfu kwa maelfu. Wakuu wa Ogboni nao hatimaye wakamgeuka mfalme. Januari 1949 Alake aliachia kiti, ingawa alirudi mwishoni mwa 1950. Mimi hulisoma tukio hili kama kibuyu kitupu kilichorudi, safari hii mikononi mwa wanawake.

Ibadan, mji mwingine wa Wayoruba, ilichukua njia yake. Ilianza kama kambi ya vita yapata mwaka 1829, haina ukoo wa kifalme hata leo. Mkuu wa familia, mogaji, huingia ngazi ya chini katika mstari wa kiraia au wa kijeshi, kisha hupanda kila aliye juu yake anapofariki, na mistari hiyo hupokezana kiti cha Olubadan, mfalme wa Ibadan. Rashidi Ladoja, aliyewahi kuwa gavana wa Jimbo la Oyo, alivikwa taji Septemba 2025 akiwa na miaka 81, baada ya kupanda ngazi hizo tangu miaka ya 1990.

Oyo yenyewe ilipompoteza Alaafin Lamidi Adeyemi III, Aprili 2022, kiti kilikaa wazi karibu miaka mitatu. Wengi wa Oyo Mesi walipeleka jina, gavana wa jimbo hakulikubali. Januari 2025 serikali ya jimbo ilimtangaza Abimbola Owoade baada ya ramli ya Ifa, huku baadhi ya wakuu wakipinga kwamba utaratibu umekiukwa. Vyeo vya kale bado vipo, na ukoo bado unawatoa watu wake. Ila Alaafin hakalii kiti mpaka gavana atie saini, na gavana huwajibika kwa wapiga kura na bunge la jimbo. Oyo Mesi hawana njia yao wenyewe ya kumkataa gavana huyo.