Kwa nini jenereta ya volti 24 uliyoisuka mwenyewe hushindwa na balbu ya pikipiki?

Jenereta ya kwanza niliyoiunda kwa mkono ilikuwa na sumaku nane zilizobandikwa kwenye sahani ya chuma, koili za waya wa shaba wa nusu milimita, na drili ya betri ya kuzungushia. Niliifanyia kazi juu darini kwa ami yangu, Langoni, hapa Lamu, kwa nia ya kuifunga mapanga siku moja ili upepo wa kusi uchukue nafasi ya drili. Nikaweka mita kwenye ncha za waya: volti 24. Nikageuza mita upande wa ampea, ncha zikagusana kupitia humo, yaani shoti kabisa: ampea 2. Ishirini na nne mara mbili ni arubaini na nane. Nikashuka ngazi kumpa ami habari njema kwamba nyumbani kwake kuna jenereta ya wati 48.

Ami amezeeka na mashine za boti, kwa hiyo hakupiga makofi. Alipekua kopo la vyuma akatoa balbu ya taa ya mbele ya pikipiki, volti 12, wati 35. "Washa hii, mwanangu."

Iliwaka wekundu wa kaa linalozimika. Mita ikasoma volti 5 hivi, na ampea moja na nusu na ushee, ambazo ni wati 8 tu. Ami akauliza swali ambalo makala haya yote ni jibu lake: "Hizo arubaini nyingine zimekwenda wapi?"

Kosa langu lilikuwa la hesabu kabla ya kuwa la umeme. Volti 24 nilizipima wakati hakuna ampea hata moja inayopita. Ampea 2 nilizipima wakati volti kwenye ncha zimeshuka karibu na sifuri, maana ndivyo shoti ilivyo. Nilichukua namba mbili ambazo haziwahi kukutana, nikazifungisha ndoa. Ni sawa na mtu anayesema jahazi lake hubeba tani kumi na hukimbia kama ngarawa. Huenda yote mawili ni kweli, ila si katika safari moja.

Wala mita yenyewe haikunidanganya. Mita ya kawaida ya dijitali, ikipima volti, huwa na ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme, unaopimwa kwa omu) wa omu milioni 10 hivi. Kwa volti 24 hiyo huvuta ampea 0.0000024, kiasi ambacho jenereta haihisi kabisa. Kupima jenereta kwa mita peke yake ni kuonja mchuzi kwa ncha ya ulimi kisha kutangaza kwamba sufuria italisha arusi. Video nyingi za "umeme wa bure wa sumaku" hukomea hapo hapo: mita inasoma, au kitaa kimoja cha LED kinameremeta, na mtazamaji anaambiwa aende akawashe friji.

Tatizo liko ndani ya koili. Waya wa shaba wa nusu milimita una ukinzani wa omu 0.088 hivi kwa kila mita moja ya urefu. Koili zangu zote, zikiungwa mkia kwa kichwa, zilikuwa na mita kama 137, na hizo ni omu 12. Umeme wote unaokwenda kwenye balbu lazima kwanza upite humo.

Fikiria tangi la maji lililo juu ya nyumba na mpira mwembamba mrefu unaoshuka hadi uani. Ziba mdomo wa mpira kwa kidole: unahisi msukumo wote wa tangi, ila maji hayatoki. Hiyo ndiyo volti yangu ya 24. Sasa achia mdomo wazi: maji hutoka kwa wingi wake wote, lakini humwagika miguuni bila kusukuma chochote. Hiyo ndiyo shoti yangu ya ampea 2. Ukitaka maji yafanye kazi, yazungushe kigurudumu kwa mfano, sharti ubane mdomo kiasi, upate msukumo kidogo na maji kidogo kwa pamoja. Msukumo uliopotea kati ya tangi na mdomo uliliwa na mpira wenyewe, njiani, kwa msuguano. Mfano huu unachechemea mahali pamoja: maji yakienda kasi huanza kuvurugika ndani ya mpira na hasara hupanda upesi kuliko inavyopanda kwenye waya. Lakini kwa kumwelewesha ami ulitosha.

Kwenye waya, hesabu hunyooka kama uzi. Kila ampea inayopita kwenye omu 12 hula volti 12 kabla haijafika nje. Basi nikivuta nusu ampea, nje hubaki volti 18, na hizo ni wati 9. Nikivuta ampea moja, hubaki 12, nazo ni wati 12. Nikivuta moja na nusu, hubaki 6, na tumerudi kwenye wati 9. Nikivuta mbili, nje hakuna kitu. Hakuna mzigo wowote duniani, yaani kifaa chochote cha kufungwa hapo, kwa mwendo ule wa drili, ambao ungepata zaidi ya wati 12 kutoka kwenye chombo kile. Na 12 ni robo kamili ya 48. Si bahati: volti ikishuka kwa mstari ulionyooka, kilele hukaa katikati, nusu ya volti mara nusu ya ampea, na nusu ya nusu ni robo. Ukisikia mtu anazidisha volti tupu kwa ampea za shoti, gawanya kwa nne kabla hujamwamini.

Hapa pana jambo lililonishangaza kuliko yote. Zile wati 48 zilikuwapo. Wakati wa shoti, kama mwendo haukupungua, drili ilikuwa kweli inasukuma wati 48 ndani ya jenereta; ni kwamba zote ziligeuka joto ndani ya shaba. Balbu ilipofungwa, nane zilikwenda kwenye balbu na thelathini hivi zilibaki kwenye koili. Ami aliweka kiganja juu ya koili, akakiondoa haraka. "Wati zako ni hizi hapa," akasema. Nilikuwa nimeunda pasi ndogo na kuiita jenereta.

Nilijifariji kidogo nilipojua kwamba waliobobea nao walijikwaa karibu na hapo hapo. Mzigo ukilingana na ukinzani wa ndani, nusu ya nguvu huenda nje na nusu hubaki ndani. Kanuni hiyo hufungamanishwa na Moritz von Jacobi, mhandisi aliyefanya kazi Urusi katika karne ya 19. Katika miaka ya 1870 wahandisi wengi waliitafsiri kuwa hakuna dainamo inayoweza kutoa zaidi ya nusu ya kazi inayotiwa ndani yake. Thomas Edison na mwanahisabati wake Francis Upton waliona kosa: kanuni inasema namna ya kupata wati nyingi kutoka kwenye chombo ambacho ukinzani wake umeshawekwa, haisemi kwamba lazima ukifanyishe kazi pale. Waliunda dainamo zenye ukinzani mdogo sana wa ndani kulingana na mzigo, zikaipita ile nusu kwa mbali. Hata jenereta yangu, ikivutwa nusu ampea tu, hutoa wati 9 na kupoteza 3. Robo tu ndiyo inayopotea, na koili zinagusika.

Kuhusu chanzo cha umeme wenyewe nitapita haraka. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na waya, umeme husukumwa ndani ya waya. Mwaka 1834 Heinrich Lenz akaongeza kwamba umeme huo daima huelekea upande unaopinga mwendo ulioutoa. Sumaku haitoi nishati na haipungukiwi kwa kuzungushwa. Kazi yake ni kama ya mpini wa jembe, unaopitisha nguvu za mkono. Anayelipa ni mzungushaji.

Hili la Lenz unalihisi mkononi. Kapi la kisima lisilo na ndoo huzunguka kwa kidole kimoja. Funga ndoo, na kila pishi la maji lina bei yake mgongoni. Jenereta isiyofungwa mzigo huzunguka kwa wepesi. Ukigusanisha waya, shafti hushika kana kwamba imemiminiwa asali, na drili huanza kuguna. Angalia tu usichanganye uzito huo na ule wa kukwama-kwama, unaotokea kama koili zimesukwa juu ya chuma: sumaku hukivuta chuma hata kama hakuna umeme unaotumika. Huo hautoi kitu. Namna ya kuzitofautisha ni kufungua waya: uzito wa mzigo huondoka papo hapo, wa chuma hubaki.

Basi upimwe vipi? Kwa mzigo ambao ukinzani wake unajulikana na haubadiliki. Balbu ya waya haifai, kwa sababu ukinzani wake ikiwa moto huweza kuwa karibu mara kumi ya ulivyokuwa ikiwa baridi. LED haifai pia, maana haianzi kuvuta mpaka volti zifike kiwango chake. Kinachofaa kipo jikoni. Pasi ya umeme ya wati 1000 kwa volti 240 ni omu 58 hivi; birika la wati 2000 ni omu 29. Vichomoe kwenye umeme wa nyumba, washa swichi yake, halafu unganisha jenereta kwenye pini mbili fupi za plagi, si ile ndefu ya ardhi. Mita ikae hapo hapo kwenye pini hizo. Zidisha volti kwa volti, gawanya kwa omu, umepata wati.

Kwa pasi nilipata volti karibu 20, na hizo ni wati 7. Kwa birika moja, volti 17, wati 10. Niliazima birika la jirani nikaliunga sambamba na letu: omu 14 na nusu, volti 13, karibu wati 12. Kilele kilikuwa pale pale hesabu iliposema. Jirani alirudishiwa birika lake pamoja na maelezo, na sina hakika ni kipi kilimfurahisha.

Kuna mitego. Drili ikipata mzigo hupunguza mwendo, na volti za jenereta hufuata mwendo, kwa hiyo vipimo viwili vya mwendo tofauti havilinganishiki. Mita yenye kusoma hezi, yaani mawimbi ya umeme kwa sekunde, husaidia: sumaku nane ni jozi nne, basi hezi 50 ni mizunguko 750 kwa dakika, nawe unashika kitufe cha drili mpaka namba irudi pale. Koili ikipanda joto kwa nyuzi 50, ukinzani wa shaba huongezeka kama asilimia 20, kwa hiyo kipimo cha dakika ya kwanza ni kitamu kuliko cha dakika ya kumi. Mita za bei nafuu hudhani mawimbi ya umeme ni laini, na ya jenereta ya kusuka mara nyingi si laini, basi desimali usiziape. Na ile ampea 2 ya shoti yenyewe ni ya kukadiria, kwani koili ina ukaidi mwingine dhidi ya umeme unaogeuka-geuka, unaoongezeka na mwendo.

Pia wati 12 si umri wala cheo cha jenereta. Mwendo ukiongezeka maradufu, volti huwa maradufu na kilele hupanda mara nne, hadi 48, na safari hii ni 48 za kweli. Ndipo pia unapoanza kucheza na volti za kuumiza mtu, na koili zinaweza kuungua vanishi inayofunika waya.

Kipimo kilichonikalia zaidi hakikuhitaji mita. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Ikining'inizwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye shafti, ikaachiwa ishuke mita 6 kutoka darini hadi uani, ina jouli 1,177 za kutoa (wati moja ni jouli moja kila sekunde). Kwa mzigo wa wati 12 hiyo ni dakika moja na nusu na ushee, kama hakuna kinachopotea. Kwenye jenereta yangu, ambayo pale kileleni hubakiza nusu ndani ya koili, ni sekunde 49, na bado hatujatoa msuguano wa kamba na beringi.

Nilimwonyesha ami hesabu hiyo kwenye karatasi. Aliisoma mpaka mwisho, akaangalia ngazi, akauliza ndoo itapandishwa na nani.