Benki ya mbegu za mifugo ni nini?

Ni akiba ya mbegu za madume, zilizogandishwa ndani ya mitungi ya naitrojeni ya kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo mbegu haziozi wala hazizeeki. Dume aliyechinjwa zamani bado anaweza kuzaa.

Kwetu Dodoma jambo hili linamgusa ng'ombe wa Mpwapwa. Alitengenezwa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo cha Mpwapwa kwa kuchanganya ng'ombe wa Sahiwal na Red Sindhi wa bara Hindi, zebu wetu wa kienyeji wenye nundu, Boran na damu kidogo ya Ulaya, ili atoe maziwa na nyama katika nchi kavu kama hii. Leo wamebaki wachache. Hawakumalizwa na ugonjwa. Damu yao imechanganywa na kuchanganywa tena, kwa madume ya malishoni na kwa mbegu za kizungu. Mfugaji anayetafuta maziwa ya ada ya shule simlaumu hata kidogo. Ila uhimilishaji uleule, yaani kumpandikizia jike mbegu bila dume, uliosaidia kumfifisha ndio unaoweza kumtunza.

Mbegu zikishakusanywa kutoka kwa dume hupimwa kwa hadubini, kisha huchanganywa na kiini cha yai na gliserini. Gliserini huzuia chembe za barafu zisiziue. Siri hiyo iligunduliwa Uingereza mwaka 1949. Halafu hutiwa kwenye mirija myembamba ya robo au nusu mililita. Hapa nchini kazi hii hufanywa na kituo cha uhimilishaji cha NAIC, Usa River, Arusha.

Kijijini, mchungaji ndiye wa kwanza kujua kuwa ng'ombe yuko kwenye joto, yaani anataka dume: anasimama tuli akipandwa na wenzake, ute mwangavu unaning'inia. Akionekana asubuhi, ahimilishwe jioni. Zebu wanasumbua, joto lao ni fupi na mara nyingi huja usiku. Mhimilishaji anafungua mtungi, mvuke mweupe unamwagika, anatoa mrija kwa koleo na kuuzamisha kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa nusu dakika hivi. Anaufuta ukauke kabisa, maana tone la maji huua mbegu.

Lakini mbegu ni nusu tu ya mnyama. Majike wa Mpwapwa wakiisha, itabidi tumhimilishe zebu wa kawaida: ndama wa kwanza atakuwa na nusu ya damu, mjukuu asilimia 75, kitukuu 87.5. Mtamba wa kienyeji huchukua miaka mitatu minne kabla ya kuzaa, kwa hiyo hapo karibu muongo mzima umekatika, na damu ya asili haijarudi yote. Kwa hiyo nasisitiza majike hai wabaki zizini, na mbegu zitoke kwa madume wengi wasio ndugu, vinginevyo tutazalisha ndugu kwa ndugu na kupata ndama dhaifu.

Tena mtungi wenyewe unataka ulinzi. Naitrojeni hupungua kila siku hata mfuniko ukiwa umefungwa. Asipokuwepo wa kuiongeza kwa wakati, akiba yote inakufa kwa mara moja.