Je, wajua? Ukitimuliwa jeshi la Marekani kwa makosa, bado unaweza kubadilishiwa cheti

Kuna uvumi umezunguka kambi za jeshi la Marekani tangu zamani na hadi leo bado kuna watu wanauamini, ati ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu wewe tulia tu, baada ya miezi sita cheti chako cha kutoka jeshini kitajigeuza chenyewe kiwe kizuri. Uongo mtupu. Hakuna kitu kinajigeuza pale. Unaweza kukaa miaka 40 na karatasi ibaki vilevile ilivyokuwa siku ulipokabidhiwa, mpaka wewe mwenyewe ujaze fomu, uipeleke kwa bodi inayopitia vyeti hivyo na uwaeleze kwa nini haikustahili kuandikwa hivyo. Kubadilishwa kunawezekana, tena sheria ya kuruhusu hilo iko tangu 1944. Sasa swali ni hili, jeshi lililokupiga kalamu, na kosa kweli ulifanya, litakubali vipi kumeza maneno yake?

Tuanze na karatasi yenyewe. Kila anayetoka jeshini hupewa fomu inaitwa DD 214, na ndani yake kuna muda aliotumikia, medali zake, sababu ya kutoka, alama ya kuonyesha kama anaweza kusajiliwa tena, na daraja la kutoka. Hilo daraja ndilo lenye kesi. La juu ni kutoka kwa heshima. Linalofuata wanaliita la jumla, yaani kazi ulifanya lakini kuna doa. La tatu wanajeshi wenyewe wanaliita OTH, maana yake umetoka kwa hali isiyo ya heshima. Hayo matatu yote hutolewa na wakubwa wako kiofisi tu, bila hakimu. Chini yake kuna mawili ambayo lazima yatoke mahakama ya kijeshi, la mwenendo mbaya na lile la mwisho kabisa la kuvunjiwa heshima, ambalo ukipewa basi hata bunduki sheria ya Marekani haikuruhusu kumiliki.

Hiyo OTH ndio imenasa watu wengi, na mimi naona ndio mtego mkubwa kwa sababu haihitaji kesi. Kijana wa miaka 20 ametoroka kambi wiki kadhaa, au amepimwa mkojo akakutwa na bangi, au amemjibu sajenti vibaya mara ya tatu, anaitwa ofisini anaambiwa uko na mambo mawili, twende mahakama ya kijeshi ambako unaweza kufungwa, ama weka saini hapa utoke leo. Umri ule, akili imechoka, nyumbani kunamwita, atachagua nini? Anasaini. Anakuja kushtuka baadaye akiomba kazi na mwajiri anataka kuona DD 214.

Na hasara zake si ndogo. Pesa za masomo za GI Bill, ile sheria ya kuwasaidia waliotumikia jeshi, zinataka daraja la heshima kamili, yaani hata yule wa daraja la jumla amezikosa. Matibabu na fidia ya ulemavu kwa mtu wa OTH hazitoki moja kwa moja, idara ya maveterani lazima kwanza ikae iangalie tabia yake jeshini iamue kivyake kama anastahili. Hiyo kanuni ililegezwa 2024 na watu zaidi wakaingia, kwa hivyo kama kuna mtu aliambiwa hapana zamani ni vizuri ajaribu tena, na hapo hahitaji hata kungoja cheti kibadilishwe kwa sababu ni ofisi tofauti kabisa.

Kwetu sisi kuna jambo lingine linaloumiza zaidi. Kulikuwa na mpango unaitwa MAVNI, ulianza 2009, jeshi la Marekani lilikuwa likiandikisha wageni ambao hawana hata green card mradi wawe na taaluma ya udaktari au wazungumze lugha ambayo jeshi linaihitaji. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Wakenya na ndugu zao wa Afrika Mashariki wakaingia wakapata uraia kwa njia hiyo, mpaka mpango ukasimamishwa 2016. Lakini sheria ya uraia ina mkia wake, ukipata uraia kupitia jeshi halafu ukatolewa kwa hali isiyo ya heshima kabla hujatimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, uraia huo unaweza kufutwa. Na asiyeupata bado akatoka na OTH mlango ule wa jeshini unafungwa, kwa sababu sheria inataka utumishi wa heshima, ingawa daraja la jumla bado linakubalika. Kwa hivyo mtu wetu akiletewa ile karatasi ya kusaini, asisaini kabla ya kumuona wakili wa jeshi, na wako, tena ni bure.

Haya, kwa nini basi kukawa na mlango wa kurudi? Jibu liko vita vya pili vya dunia. Wakati ule kulikuwa na cheti cha rangi ya buluu, si cha heshima wala si cha aibu, kamanda akikuona hufai anakupa hicho unaenda. Kwa maandishi hakikuwa adhabu, lakini mitaani kila mwajiri alijua maana yake. Na kilipewa nani? Wanajeshi weusi walikuwa kama asilimia 6.5 tu ya jeshi la nchi kavu lakini walipata zaidi ya asilimia 22 ya vyeti vya buluu kati ya Desemba 1941 na Juni 1945. Wengine wengi waliopewa ni waliodhaniwa kuwa mashoga. Gazeti la watu weusi la Pittsburgh Courier likapiga kelele sana, na cheti cha buluu kikafutwa 1947. Sasa ile sheria ya GI Bill ya 1944 ndiyo iliyoweka bodi za kupitia upya jinsi mtu alivyotolewa, na 1946 bunge likaongeza bodi nyingine za raia za kurekebisha rekodi zote za kijeshi, kwa sababu kabla ya hapo kila mwenye malalamiko alikuwa anamkimbilia mbunge wake ampitishie mswada wake peke yake. Fikiria bunge zima linakaa kujadili karatasi ya mtu mmoja.

Kwa hivyo leo kuna bodi mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza, ile ya kupitia vyeti, unaiendea kama hujapita miaka 15 tangu utoke, fomu yake ni DD 293. Haiwezi kugusa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Ya pili, ya kurekebisha rekodi, fomu yake ni DD 149, ina muda wa miaka 3 tangu ugundue kosa lililo kwenye rekodi lakini wanaweza kukusamehe huo muda kama haki inadai hivyo, na ndio maana unasikia mzee aliyepigana vita vya Vietnam amebadilishiwa baada ya miaka 45. Ukiwa bado ndani ya ile miaka 15 anza na ya kwanza, kwa sababu pale una nafasi mbili, wanaangalia makaratasi kwanza na wakikukatalia unaweza kuomba kusikilizwa wewe mwenyewe uongee nao. Ukianza na kusikilizwa umeiruka ile nafasi ya makaratasi.

Bodi inaangalia vitu viwili. Kwanza, je, jeshi lilifuata sheria zake lilipokutoa? Ulipewa notisi, ulipewa wakili, hatua zilifuatwa? Pili, hata kama zilifuatwa, je, ni haki? Hili la pili ndilo watu wengi wanashindia. Lakini sikiliza, bodi inaanza kwa kuamini kwamba serikali ilifanya kazi yake sawasawa, mzigo wa kuonyesha vingine ni wako. Mtu anayeandika barua ya kurasa 6 ya kulia kwamba sajenti alimchukia, bila karatasi hata moja ya kushikilia, huyo amejisumbua bure.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa sababu ya maveterani wa Vietnam. Wengi walirudi na PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaoletwa na mambo ya kutisha mtu aliyoyapitia, lakini hiyo hali haikuingizwa kwenye kitabu rasmi cha magonjwa ya akili Marekani mpaka 1980, yaani waliofukuzwa 1969 au 1971 kwa kutoroka, kulewa na kupigana, hakukuwa na daktari wa kuwaandikia kwamba ni wagonjwa kwa sababu ugonjwa haukuwa na jina hilo. Halafu wakija kwa bodi miaka ya baadaye wanaambiwa rekodi zako za wakati ule hazionyeshi ugonjwa. Sasa zingeonyesha vipi? Mwaka 2014 maveterani kadhaa, mmoja wao Conley Monk aliyekuwa mwanajeshi wa kikosi cha Marine huko Vietnam, wakashtaki wakisaidiwa na wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha Yale. Septemba ya mwaka huohuo waziri wa ulinzi Chuck Hagel, ambaye mwenyewe alipigana Vietnam, akatoa waraka akaziambia bodi zitazame kesi za PTSD kwa jicho la huruma. Monk alibadilishiwa cheti mwaka uliofuata.

Waraka wa Agosti 2017, unaojulikana kama wa Kurta kwa jina la ofisa wa wizara aliyeutia saini, ukapanua mambo zaidi. Ukaingiza majeraha ya ubongo na waliobakwa au kunyanyaswa kingono wakiwa jeshini, na ukaweka maswali manne ambayo kwa maoni yangu kila mwombaji angeyabandika ukutani kabla hajaandika neno. Je, ulikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Je, lilikukuta ukiwa jeshini? Je, kweli linaeleza kosa lile ulilofukuziwa? Na je, lina uzito kuliko kosa? Watu huanguka kwenye la tatu. Anapeleka barua ya daktari kwamba ana PTSD, sawa, tumeamini, lakini kosa lako lilikuwa kuiba vifaa vya jeshi na kuuza kwa mpango wa miezi, PTSD inahusika wapi hapo? Kosa la kupangwa huwa halisamehewi hivyo. Lakini kutoroka, kunywa, bangi, kumfokea mkubwa baada ya kurudi vitani wakati kabla ya hapo rekodi yako ilikuwa safi, hapo uhusiano unaonekana hata kwa asiye daktari. Kwa hivyo daktari asiandike tu ugonjwa, aandike ugonjwa ulivyosababisha lile tendo.

Na kama hukuwahi kuonana na daktari? Waraka unasema ushahidi unaweza kutoka kwa mke, mzazi, rafiki, mchungaji, hata maneno yako mwenyewe, na hata mabadiliko ya ghafla kwenye kazi, mfano aliyekuwa anapata sifa halafu ghafla akaanza kuomba uhamisho na kuchelewa. Hili limewasaidia sana wanawake waliobakwa na hawakuripoti, kwa sababu wa kuripotiwa ndiye alikuwa mkubwa wao. Waraka huohuo unasema kitu ambacho wengi hawaamini, kwamba cheti cha heshima hakihitaji mtu awe hakukosea hata siku moja.

Mwaka 2018 ukaja mwingine, wa Wilkie, kwa wale wasio na PTSD wala chochote ila walikosea ujanani na wamebadilika. Huo unaangalia maisha yako baada ya jeshi. Kazi, masomo, familia, kujitolea, rekodi safi ya polisi. Umri wako wakati wa kosa nao unahesabiwa.

Kuna kundi ambalo halikuwa na kosa la nidhamu kwa macho ya leo, wale waliofukuzwa kwa kuwa mashoga. Sera ya kukaa kimya usiulizwe ilitumika kuanzia 1994 hadi 2011, na kabla yake marufuku ilikuwa kamili. Wizara ya ulinzi ilianza 2023 kupitia rekodi za waliofukuzwa wakati wa sera hiyo bila kungoja waombe, na 2024 ikatangaza zaidi ya 800 wamebadilishiwa. Hiyo ni nadra sana. Walio wengi lazima wagonge mlango wenyewe.

Kuomba ni bure, hakuna ada ya bodi, na mtu akikuambia umlipe maelfu ya dola ili akupeleke haraka mkimbie, foleni ni ileile na inaweza kupita mwaka. Wakili anasaidia kweli hasa kwenye kusikilizwa, lakini kuna kliniki za vyuo vya sheria na vyama vya maveterani kama American Legion ambavyo havitozi. Ukikataliwa bado kuna mahakama za kiraia za serikali kuu, na kwa waliotoka kuanzia 20 Desemba 2019 kuna bodi ya rufaa iliyoanza 2021 inayosimamiwa na jeshi la anga kwa niaba ya majeshi yote, lakini hiyo inataka uwe umemaliza zile bodi mbili kwanza.

Cha kuanza nacho kabla ya fomu yoyote ni kuomba faili lako lote, si DD 214 peke yake, kutoka ghala la kumbukumbu la St. Louis huko Missouri, kwa sababu huwezi kujibu kitu hujakisoma na mara nyingi sababu waliyoandika ndani siyo ile uliyoambiwa. Mzee wa jeshi la nchi kavu aliyetoka kati ya 1912 na 1960 ajiandae kusikia faili halipo, kulitokea moto pale Julai 1973 ukateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Huyo atatafuta barua za zamani, picha, na wenzake waliobaki hai wa kumwandikia. Ukingoja faili, ingia kwenye mtandao wa bodi usome maamuzi yao, wanayachapisha wakiwa wameondoa majina, tafuta kesi yenye kosa kama lako na uone yule aliyeshinda alipeleka nini.