Injini Inazunguka Upande Gani? Kwanza Niambie Umesimama Wapi

Haipiti wiki katika karakana yangu hapa Tanga bila mwenye boti au dereva kunieleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, kwamba injini ya gari huzunguka kulia na injini ya boti huzunguka kushoto, na kwamba kwa sababu hiyo injini ya gari haifai kufungwa botini mpaka kwanza "igeuzwe". Wa mwisho alikuwa nahodha mmoja wa makamo kutoka Kigombe, ambaye alipata injini ya dizeli ya Toyota ya silinda nne kwa bei nzuri, kisha akairudisha kwa muuzaji kwa kuwa wenzake pwani walimwambia itampeleka kinyumenyume. Alikuja kwangu akiwa na karatasi ya maelezo ya injini za boti, amepigia mstari maneno yanayosema kwamba mzunguko wake ni wa kushoto, akaniomba nimtafutie hiyo. Ilinibidi nimweleze kwamba injini aliyoirudisha ilikuwa na mzunguko huohuo hasa.

Upande wa mzunguko hauna maana yoyote mpaka msemaji aeleze anaitazama injini kutoka wapi. Chukua baiskeli inayokwenda mbele: aliyesimama upande wa mnyororo ataona gurudumu likifuata mwendo wa akrabu za saa, na aliyesimama upande wa pili ataona gurudumu lilelile likienda kinyume cha saa. Wote wawili wanasema kweli, na wakibishana hadi magharibi hakuna atakayeshinda. Kranki ya injini, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ni vivyo hivyo. Fundi wa magari hufungua boneti, akasimama mbele ya gari na kutazama puli ya mkanda, na kwa injini nyingi mno anazozijua anaona inafuata saa. Nahodha hukaa tezini, nyuma ya chombo, akielekea omo, na kilicho mbele yake ni giaboksi na flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa kranki, yaani mgongo wa injini. Kwa hiyo anaona mzunguko unakwenda kinyume cha saa. Hawa wanatazama injini za aina moja, kila mtu kutoka mwisho wake, halafu wanakutana kijiweni na kuanzisha elimu mpya.

Watengenezaji waliondoa utata huu zamani kwa kukubaliana kwamba mzunguko uelezwe kwa kuitazama injini kutoka upande wa flaiwili. Kwa kipimo hicho, injini ya kawaida ya gari huenda kinyume cha saa, na katika lugha ya mashine za boti huo ndio huitwa mzunguko wa kushoto. Ndiyo maana ninachoka ninaposikia mtu ametumia fedha zake kutafuta "injini ya kushoto", ilhali anaikalia kila siku akiendesha gari lake kwenda Muheza. Anayetaka kuipeleka injini ya gari baharini ana mambo ya kweli ya kuhangaikia: namna ya kuipoza kwa maji, ekzosi itakayopita salama kwenye mbao, vyuma vitakavyoliwa na chumvi, na pembe ya kuifunga ili oili isikimbilie upande mmoja wa karta, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuiacha pampu ikinyonya hewa. Mzunguko haumo katika orodha hiyo.

Mahali ambapo upande wa mzunguko una uzito ni kwenye propela, na hapo ndipo watu hao hao hawaulizi chochote. Propela ya kulia, ikitazamwa kutoka nyuma ya chombo, hufuata saa chombo kinapokwenda mbele, na ya kushoto huenda kinyume chake. Baadhi ya giaboksi za boti hugeuza mzunguko unaotoka kwenye injini na baadhi huuacha kama ulivyo, kwa hiyo injini moja inaweza kuhitaji propela ya kulia katika boti hii na ya kushoto katika boti ile. Ushauri wangu, ambao narudia hata nisipoulizwa, ni kwamba propela inunuliwe mwisho, baada ya kuwasha injini, kutia gia ya mbele na kuiona shafti kwa macho. Ukitaka kujua propela iliyo mkononi mwako ni ya upande gani, ilaze chini kifudifudi kisha utazame ubawa ulio karibu nawe kutoka ubavuni: ukipanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu, kama hesi za boliti ya kawaida, hiyo ni ya kulia.

Niliwahi kuletewa mashine ya kupachika, ile inayofungwa nyuma ya boti, ambayo mwenyewe aliapa kwamba "imeanza kuzunguka nyuma" tangu ilipofanyiwa matengenezo. Alikuwa amenunua propela iliyotumika, ya kushoto, akaifunga kwenye mguu, ile sehemu ya chini yenye gia na shafti ya propela, uliotengenezwa kwa propela ya kulia. Akitia gia ya mbele boti inarudi nyuma, na kwa kuwa alikuwa na haraka ya samaki alikuwa amezoea kusafiri kwa gia ya nyuma. Mguu wa mashine hizi umeundwa ubebe msukumo mzito na wa muda mrefu katika gia ya mbele tu, na beringi zake za gia ya nyuma hazikutengenezwa kwa safari za saa nzima. Gharama ya mguu wake ilizidi mara kadhaa bei ya propela aliyodhani ameiokota.

Wapo pia wanaoona boti yenye mashine mbili, propela moja ikienda kulia na nyingine kushoto ili usukani usivutwe upande mmoja, wakahitimisha kwamba moja ya injini inazunguka kinyume. Katika mashine za kupachika, injini zote mbili zinazunguka upande mmoja. Tofauti imo kwenye gia zilizo ndani ya mguu. Zamani, kwa injini za ndani ya boti, ziliundwa kweli injini za mzunguko wa kinyume, zenye kemshafti (shafti inayofungua vali) na stata zake tofauti, lakini kazi hiyo sasa hufanywa na giaboksi.

Kwa upande wa magari, injini zinazoachana na kawaida zipo, na fundi anapaswa kuzijua. Honda za zamani, zikiwemo zenye injini za familia za B na D, huenda kinyume cha saa zikitazamwa kutoka kwenye puli. Puli yake imekaa upande wa kushoto wa gari, kwa hiyo kranki bado inazunguka sawa na magurudumu yanapokwenda mbele. Familia ya K, iliyoanza mwaka 2001, ikafuata kawaida ya wengine. Vijana wanaolegeza boliti ya puli kwa kuegemeza spana kwenye chesisi na kugusa stata wakumbuke hili, kwa kuwa katika Honda hizo za zamani hila hiyo huikaza boliti badala ya kuilegeza.

Gari linaporudi nyuma, injini haigeuki. Giaboksi huongeza gia moja katikati, basi. Betri ikifungwa kinyume, injini haiwashwi kinyumenyume: stata yenye koili badala ya sumaku za kudumu huendelea upande wake uleule, na ile yenye sumaku ikigeuka, klachi yake ya njia moja huteleza. Kitakachoungua ni daiodi za altaneta, na pengine vifaa vingine vya umeme.

Injini ambayo hugeuzwa kweli ipo, nayo ni ile ya meli kubwa za mizigo. Dizeli zake za mwendo wa polepole, karibu mizunguko 100 kwa dakika, nyingi zimeunganishwa na propela moja kwa moja bila giaboksi, na nahodha akitaka kurudi nyuma, injini husimamishwa kabisa, mpangilio wake wa majira, yaani wakati wa kuingiza mafuta na kufungua vali, hugeuzwa, kisha huwashwa upya kwa hewa iliyoshindiliwa. Anayenitolea mfano wa meli aliyoiona bandarini ili kunithibitishia habari za Hilux yake, namwomba anioneshe kwanza mtungi wake wa hewa.

Kila injini inayotoka karakanani kwangu ina mishale miwili ya rangi nyeupe, mmoja kwenye puli na mwingine kwenye nyumba ya flaiwili. Bado wapo wanaorudi kuniuliza kwa nini mishale hiyo inaelekea pande tofauti.