Komando alikula kuliko sisi sote, akazidi kukonda

Mzee aliyemleta Komando hakunipa hata nafasi ya kumsalimia vizuri. "Daktari, kama unataka kunipa dawa ya minyoo sema mapema niondoke. Nimeshampa mara nne." Akafungua bahasha ya kaki na kunimwagia mezani maganda ya vidonge, chupa ya vitamini iliyobaki nusu na karatasi ya sindano za ugonjwa wa kupe. Komando mwenyewe, German Shepherd dume wa miaka miwili, alikuwa na shughuli zake: analamba sakafu ya kliniki kana kwamba kuna mchuzi umemwagika.

Kadi yake ya chanjo ilisema kilo 31, miezi minane nyuma. Mizani yangu ilisoma 22.4. Mbavu zilihesabika ukiwa umesimama mlangoni, na manyoya yalikuwa yamepauka kama katani. Lakini joto lilikuwa 38.6, fizi zilikuwa za waridi, tezi hazijavimba, mkia unacheza. Nilipomuuliza mzee kama anakula, alicheka kwa uchungu. "Anakula kuliko sisi sote pale nyumbani. Majirani wanadhani namnyima."

Hapo nikauliza nani anasafisha banda. Kumbe kijana wa kazi alikuwa nje, amekaa kwenye kivuli cha gari. Akaitwa.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Hebu niambie choo cha huyu mbwa kikoje."

"Mengi, dokta. Kama ya ndama. Meupe-meupe yenye unjano, yanateleza kwa mafuta, na harufu yake kama maziwa yaliyochacha. Nazoa mara nne, tano kwa siku." Akamtazama bosi wake, akapunguza sauti. "Na nikichelewa kuzoa, anayala."

Mzee alikuwa hajui. Kati ya waliomtibu Komando kabla yangu, hakuna aliyekuwa amemuuliza yule kijana. Siwasemi vibaya, kwa sababu na mimi nilikosea baadaye kidogo, kama utakavyoona.

Mbwa anayehara zaidi ya wiki tatu huwa namgawa kwanza kichwani mwangu: ugonjwa uko utumbo mpana au utumbo mwembamba? Wa utumbo mpana hukimbilia nje kila mara, anajikamua, anatoa kidogo kidogo chenye makamasi, pengine na damu mbichi, ila mwili wake haushuki sana. Wa utumbo mwembamba hutoa choo kingi kwa mkupuo, na anakonda, kwa sababu huko ndiko chakula kinakoingia mwilini. Komando alikuwa wa kundi la pili bila ubishi. Tena mbwa anayekonda huku ana njaa si sawa na anayekonda huku amekataa chakula. Huyu wa pili hunitia hofu zaidi.

Nilianza na mambo ya bei nafuu. Choo cha siku tatu tofauti chini ya hadubini, kwa sababu jiadia, kijidudu cha utumboni, haitoki kila siku na choo kimoja kikionekana safi hakithibitishi kitu. Hapakuwa na jiadia, hapakuwa na mayai ya safura. Hata hivyo nilimpa fenbendazoli, dawa ya minyoo, miligramu 50 kwa kila kilo, siku tano mfululizo, huku mzee akinikodolea macho. Nilimweleza kwamba mbili kati ya zile dozi nne zake zilikuwa albendazoli ya watu, na mbwa hapaswi kupewa albendazoli ovyo: inaweza kudhoofisha uboho wake, mahali damu inapotengenezwa. Majina yanafanana, dawa ni za ukoo mmoja, ila moja mbwa anaivumilia vizuri na nyingine ni ya kukaa nayo mbali.

Pamoja na fenbendazoli nikaweka metronidazoli, dawa ya kuua bakteria. Kosa langu liko hapo.

Siku ya sita kijana alinipigia simu kwa furaha: choo kimeanza kushikana, anakwenda mara mbili tu. Nikajipongeza. Nikaandika kwenye faili "anaendelea vizuri" na kumpangia arudi baada ya wiki tatu. Aliporudi, mizani ilisoma 22.1. Choo kilikuwa kimerudi kama zamani siku nne tu baada ya dawa kwisha, lakini mzee hakutaka kunisumbua kwa kuwa nilimwambia anapona. Wiki tatu za mbwa asiye na wiki za kupoteza.

Metronidazoli ilikuwa imeonyesha nafuu ya kweli, ila haikuwa imegusa ugonjwa wenyewe. Chakula kisichosagwa kikibaki utumboni huwa karamu ya bakteria. Wanazaliana, wanachachusha, na kuhara kunazidi. Ukiwapiga bakteria kwa dawa, kuhara kunapungua, lakini chakula bado hakisagwi na mbwa bado ana njaa. Dawa inayosaidia nusu hudanganya kuliko dawa isiyosaidia kabisa, na tangu siku hiyo siandiki "anaendelea vizuri" bila kuandika kilo pembeni yake. (Hii ndiyo sababu nyingine ya kutompa mbwa vidonge vya "tumbo la kuendesha" kila akihara. Atatulia, wewe utatulia, ugonjwa hautatulia.)

Kwa nini hakisagwi? Sasa tuje kwenye kongosho. Ni tezi laini iliyojilaza kando ya mwanzo wa utumbo mwembamba, na ina kazi mbili. Moja ni insulini, ambayo wenye kisukari wanaijua. Ya pili ni kumwaga utumboni vimeng'enya, yaani viini vinavyovunja mafuta, wanga na protini viwe vidogo kiasi cha kupenya ukuta wa utumbo. Kwa baadhi ya mbwa, hasa German Shepherd, kinga ya mwili wenyewe huigeukia sehemu ya vimeng'enya na kuila taratibu mpaka inabaki utando mwembamba. Sehemu ya insulini kwa kawaida husalimika. Dalili hazionekani mapema, kwa kuwa kongosho lina akiba kubwa: karibu sehemu tisa kati ya kumi za uwezo wake ziwe zimekwisha ndipo mwenye mbwa aone tofauti. Wengi huanza kukonda wakiwa vijana, kati ya mwaka mmoja na minne. Mbwa anameza sahani nzima, mafuta na wanga vinapita moja kwa moja, na ndiyo maana choo ni kingi, kimepauka, kina mafuta. Akikila anafuata chakula ambacho mwili wake haukukipata.

Kipimo chake ni cha damu, kinaitwa TLI. Hupima chembe za tripsini, kimeng'enya cha kuvunja protini, na mama yake tripsinojeni zinazovuja kidogo kutoka kwenye kongosho kuingia kwenye damu. Kongosho likiwa limekwisha, hakuna cha kuvuja. Mbwa hufungishwa chakula kwanza, nami humwacha bila kula kwa muda wa saa kumi na mbili, kwa sababu akila namba hupanda kidogo. Sampuli ilisafiri nje ya nchi ikiwa imegandishwa, na mzee alilalamikia bei, ambayo kwa haki ilikuwa ya kulalamikiwa. Kwa kipimo kile, chini ya 2.5 ndiyo mpaka wa kusema kongosho limeshindwa. Komando alikuwa chini ya 1. Vitamini B12 nayo ilikuwa chini, na hilo halikunishangaza: kwa mbwa, kiini kinachoisaidia B12 kuingia mwilini hutengenezwa zaidi na kongosho hilo hilo.

Kama TLI ingerudi ya kawaida, ningembadilishia chakula kwa wiki mbili au zaidi kidogo, protini moja ambayo hajawahi kuila na hakuna kingine, hata mfupa wa jirani. Zaidi ya nusu ya mbwa wenye utumbo uliovimba kwa muda mrefu hupata nafuu kwa chakula tu. Ningepima pia kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, maana upungufu wake huvaa sura ya ugonjwa wa tumbo. Ila hayo ni ya mbwa wengine.

Matibabu ni kumpa mbwa vimeng'enya ambavyo hana. Kuna unga maalumu unaoagizwa, mzuri, na bei yake kwa mwezi ilimfanya mzee avue miwani. Njia ya pili ni ya zamani na inafanya kazi: kongosho bichi la ng'ombe. Kwa mbwa wa kilo 20 ni takriban gramu 100 katika kila mlo, milo miwili kwa siku, limesagwa na kuchanganywa na chakula papo hapo.

Kulipata ni habari nyingine. Nilikwenda mwenyewe na kijana machinjioni alfajiri, na neno "kongosho" halikutufikisha popote. Mchinjaji wa kwanza alitupa bandama. Wa pili alitupa tezi za shingoni. Ikabidi nivae glavu, nifuate utumbo kutoka tumboni, nimwonyeshe: kinyama cha waridi hafifu, chepesi, kina vijipunje kama mtama uliolowekwa. "Hicho?" akasema. "Hicho tunatupa." Tukaondoka na mfuko mzima bure.

Masharti yalikuwa machache, ila sikutaka mzaha nayo. Litoke kwa ng'ombe aliyepita ukaguzi wa nyama, na lisiwe na malengelenge yoyote, kwa sababu minyoo ya tegu yenye uvimbe wa maji hutoka kwenye viungo vibichi vya mifugo kwenda kwa mbwa, na kutoka kwa mbwa kwenda kwa watoto wanaomkumbatia. Ligandishwe kwenye friza vifurushi vya mlo mmoja mmoja, angalau wiki, kabla ya kutumika. Kugandisha hakuui vimeng'enya. Moto unaviua. Juu ya hayo Komando alipangiwa praziquanteli, dawa ya tegu, kila wiki sita.

Chakula nacho kilibadilika. Alikuwa analishwa ugali wa dona na pumba na dagaa, na makapi mengi huzuia vimeng'enya kufanya kazi. Tukamhamishia wali uliopikwa ukalainika na nyama, bila kumbania mafuta kama wengi wanavyodhani ni lazima. B12 tulimchoma chini ya ngozi, mililita 0.8 ya ile ya watu yenye miligramu moja kwa mililita, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha moja baada ya mwezi. B12 ikisahaulika, mbwa huonekana kugoma kupona hata kama vimeng'enya anapata.

Siku ya nne choo kilikuwa kimoja asubuhi, kimoja jioni, cha kahawia. Wiki ya nane mizani ilisoma 27.3.

Kisha, mwezi wa tatu, simu: anahara tena, meupe-meupe. Nilipitia kila kitu kwenye simu na mzee, kipimo, friza, B12, hakuna kilichobadilika. Nikaomba kuongea na kijana. Kijana alikuwa likizo kwao Singida. Aliyeshika zamu ni binti wa jikoni, mtu msafi sana, ambaye aliona ni aibu kumpa mbwa nyama mbichi inayonuka. Alikuwa analichemsha vizuri, na chumvi kidogo.

Komando atakula kongosho maisha yake yote. Nimemwomba mzee asimzalishe, kwa sababu ugonjwa huu hufuata ukoo, na kwa hilo bado tunabishana: ana mteja wa watoto Kigamboni. Kijana amerudi kazini, na kule machinjioni sasa wanamwita Bwana Kongosho. Mchinjaji naye ameshajua kwamba kile kinyama kina mnunuzi. Wiki iliyopita alikitia kwenye mizani.