Mstari Ambao Lakshmana Hakuuchora

Utotoni nilikuwa nikitumwa duka moja la vitambaa lenye kalenda ukutani. Juu ya tarehe palikuwa na picha ya Hanuman, shujaa nyani, amepiga goti, amejipasua kifua kwa kucha zake mwenyewe, na ndani ya kifua wameketi Rama, bwana wake, na Sita mke wa Rama, kama watu walio sebuleni kwao. Kwa miaka mingi niliamini picha ile imetoka kwenye Ramayana, utenzi wa mshairi wa kale Valmiki. Haimo. Ramayana ya Kisanskriti ina beti zipatazo 24,000, na hakuna hata mmoja unaosema Hanuman alijipasua kifua.

Mengi tunayoyajua kuhusu tenzi mbili kuu za Wahindu, Ramayana na Mahabharata, tumeyapata kwa njia hiyo: kalenda, tamthilia za televisheni ya India za mwishoni mwa miaka ya 1980, na masimulizi ya majirani. Si lazima yawe uongo. Washairi waliokuja karne nyingi baada ya Valmiki waliongeza ya kwao, na waumini wakayapokea kwa moyo mmoja. Lakini anayetaka kujua watu wa kale waliamini nini, na waliabudu vipi, hana budi kutenganisha tabaka hizo.

Dhana: Lakshmana alimchorea Sita mstari wa ulinzi, naye akauvuka

Hii ndiyo inayosimuliwa zaidi. Rama ameondoka kumfuata paa wa dhahabu. Inasikika sauti yake ikiomba msaada. Kabla ya kwenda, Lakshmana, mdogo wake Rama, anachora mstari mbele ya kibanda na kumwonya shemeji yake asiuvuke. Ravana, mfalme wa mazimwi, anakuja kwa sura ya ombaomba, Sita anauvuka ampe chakula, ananyakuliwa. Huko India "mstari wa Lakshmana" umekuwa msemo wa kila siku wa mpaka usiovukwa, na aghalabu mwanamke ndiye anayeambiwa asiuvuke.

Valmiki hana mstari. Kwake, Sita anamgeukia Lakshmana kwa maneno makali, anamtuhumu kwamba anataka kaka yake afe ili amrithi yeye. Lakshmana anaumia, anaiomba miungu ya msituni imlinde shemeji yake, na anaondoka. Ravana anatokea amevaa nguo ya rangi ya udongo, amebeba mwavuli, fimbo na chombo cha maji, huku akighani Veda, maandiko matakatifu. Kila kitu alichobeba kinasema: huyu ni Brahmini, mtu wa dini. Sita anamkaribisha. Anampa pa kukaa, anampa maji ya kunawa miguu, anamwambia chakula kiko tayari. Akiulizwa yeye ni nani, anajieleza kwa kirefu, kwa kuwa anawaza moyoni kwamba mgeni huyu ni Brahmini na asipojibiwa anaweza kumlaani.

Kwa hiyo kilichomponza Sita katika maandishi ya kale ni adabu ya mgeni. Mgeni alikuwa na haki takatifu, tena laana ya Brahmini haikuwa neno la hasira linalopita. Ilikuwa kitu kinachotokea kweli. Ravana aliivaa ibada kama nguo, akapitia mlango ambao dini yenyewe iliamuru uachwe wazi. Nikilinganisha visa hivi viwili, naona cha mstari kinamlaumu Sita, na cha Valmiki kinatisha zaidi.

Mstari ulitoka wapi basi? Kwa washairi wa lugha za baadaye. Hata Tulsidas, aliyeanza kutunga Ramayana yake ya Kiawadhi mwaka 1574, hauweki mstari huo kwenye kisa cha kutekwa. Anautaja mbele sana, pale Mandodari, mke wa Ravana, anapomsuta mumewe kwamba hakuweza kuvuka hata kimstari kidogo alichochora mdogo wake Rama.

Kuna na jiwe la Ahalya. Inasemwa mumewe alimlaani akawa jiwe, hadi mguu wa Rama ulipomgusa akarudi kuwa mtu. Kwa Valmiki hakuwa jiwe kamwe. Alilala majivuni bila kuonekana na yeyote, akiishi kwa hewa tupu. Rama na Lakshmana walipofika, wao ndio walioinama wakaigusa miguu yake. Ilikuwa salamu ya vijana kwa mtu mzima, tofauti kabisa na kisa cha jiwe.

Dhana: Kuna maandishi asilia mamoja, mengine yote ni kughushi

Hapa wako wanaokwenda upande wa pili na kupotea vilevile. Wakishagundua mstari haumo, wanataka "kitabu halisi". Mahabharata yenyewe hujiita mkusanyiko wa beti laki moja (na neno *laki* sisi tulilipata hukohuko India). Mwaka 1919 taasisi ya utafiti ya Bhandarkar mjini Pune ilianza kulinganisha miswada 1,259 ili kupata maandishi ya msingi, kazi iliyomalizika mwaka 1966. Kilichobaki kwenye maandishi makuu ni beti karibu 75,000. Kisa cha mungu Ganesha kuandika utenzi huku Vyasa, anayetajwa kuwa mtunzi wake, akimtamkia kiliondolewa kikawekwa kwenye viambatisho, kwa sababu hakikuwa cha zamani kama vingine.

Lakini hata hicho kilichobaki hakikutungwa na mtu mmoja kwa kikao kimoja. Wataalamu wengi hukiweka kati ya mwaka 400 kabla ya Kristo na mwaka 400 baada yake, na mishono inaonekana. Mfano utakuja sasa hivi.

Kitu kimoja cha kando kwa wapenzi wa ushairi: beti hizo, ziitwazo shloka, zina vipande vinne vya mizani nane nane, sawasawa na ubeti wa utenzi wetu, ila hazina vina. Sidai kuna undugu. Inanifurahisha tu.

Dhana: Katika tenzi hizo kila mjane alichomwa pamoja na mumewe

Aliyechomwa kwa umaarufu ni Madri, mke wa pili wa mfalme Pandu katika Mahabharata. Pandu alikuwa amelaaniwa kwamba akimkaribia mke atakufa. Alimkaribia Madri, akafa, na Madri akapanda kwenye kuni za mumewe. Hapo ndipo pana mshono niliouahidi: muda mfupi baadaye watawa wanafika mji wa Hastinapura na maiti mbili, ya Pandu na ya Madri, nazo zinapambwa na kuchomwa kwa heshima za kifalme. Walioteketea jana wanateketezwa tena leo. Ni dhahiri kwamba masimulizi mawili yameshonwa pamoja, na moja huenda halikujua lolote kuhusu mjane kupanda motoni akiwa hai.

Sasa hesabu waliobaki. Kunti, mke mwenzake Madri, aliishi akalea watoto wa wote wawili. Satyavati, Ambika na Ambalika, wajane wa nyumba hiyohiyo, hakuna aliyechomwa. Vita vya siku 18 vya Kurukshetra, kati ya Wapandava (wana wa Pandu) na binamu zao, vilipokwisha, kitabu kizima kinaitwa Kitabu cha Wanawake, na wajane wale wanatembea kati ya maiti, wanatambua kichwa cha huyu na mkono wa yule, kisha wanakwenda mtoni kutoa maji kwa ajili ya wafu. Katika Ramayana wake watatu wakuu wa Dasharatha, baba yake Rama, waliendelea kuishi, na Tara, mjane wa mfalme wa nyani, aliishia kuwa mke wa shemeji yake Sugriva.

Visa vya kujichoma vipo, hasa mwishoni mwa Mahabharata ukoo wa Krishna unapoangamia: baadhi ya wake zake waliingia motoni, wengine, akiwemo Satyabhama, wakaenda msituni kuishi kitawa. Desturi ilijulikana, ila haikuwa sheria. Waingereza walipoipiga marufuku Bengal mwaka 1829, ilikuwa imepitia karne nyingi za kukua na kubadilika, na kuisomea nyuma hadi kwenye kila ukurasa wa tenzi ni makosa.

Dhana: Deva ni malaika, asura ni mashetani

Kosa hili kwa sehemu ni letu sisi wafasiri. Tunakutana na *asura* au *rakshasa*, tunaandika "shetani", na msomaji anaingia na Iblisi wake kichwani. Deva, yaani miungu, na asura ni ndugu wa baba mmoja wanaogombea ulimwengu. Kwa rakshasa ningependa neno "zimwi", maana zimwi angalau linaweza kukujua. Ravana mwenyewe ni mjukuu wa mtawa Pulastya, msomi wa Veda. Ndugu yake Vibhishana ni mchamungu. Hidimba, mwanamke wa kizimwi, alimpenda Bhima, mmoja wa Wapandava, akamzalia mtoto aliyekufa vitani akiwapigania Wapandava.

Nguvu nazo haziendi kwa wema peke yake. Zinaendana na *tapas*, yaani kujinyima na kujitesa kwa ibada mpaka mtu anapata joto la ndani ambalo hata miungu haiwezi kulipuuza. Ravana alijitesa miaka elfu kumi, kila elfu moja ikiisha anakata kichwa chake kimoja na kukitupa motoni. Alipotaka kukata cha kumi, mungu Brahma akaja. Ilimbidi aje, kazi ilikuwa imefanywa, ujira lazima ulipwe. Ravana akaomba asiuawe na miungu, wala mazimwi, wala majoka, wala kundi refu la viumbe wengine. Binadamu hakuwataja, akiwaona ni kama majani tu. Kilichofuata ni cha mwanasheria anayesoma mkataba: mungu Vishnu akazaliwa binadamu, ndiye Rama.

Ndiyo maana Indra, mfalme wa miungu, kila akisikia kuna mtu anajitesa msituni hupata wasiwasi wa kiti chake na kumtuma mwanamke mzuri wa mbinguni akamvuruge. Malaika gani huyo?

Dhana: Yudhishthira alikuwa mcheza kamari tu, na dadu zilitengenezwa kwa mifupa

Yudhishthira ndiye mkubwa wa Wapandava, na Shakuni ndiye aliyecheza dadu dhidi yake. Dadu za mifupa ya baba yake Shakuni ni hadithi ya mitaani. Maandishi ya Kisanskriti hayana habari hiyo. Dadu za enzi za Veda zilikuwa kokwa za mti uitwao vibhitaka. Hata lile tusi la Draupadi, mke wa Yudhishthira, kwa hasimu wao, kwamba mwana wa kipofu naye ni kipofu, halimo.

Mchezo wenyewe unakuja baada ya Yudhishthira kufanya *rajasuya*, ibada ya kumtawaza mfalme juu ya wafalme. Katika taratibu za kale za ibada hiyo kuna hatua ambapo mfalme hupewa dadu. Baadhi ya wataalamu wanaona utenzi umeichukua hatua hiyo ndogo, ambayo mfalme alitakiwa kushinda, ukaipanua kuwa balaa.

Na balaa lile linaishia kwenye swali la kisheria. Yudhishthira anapoteza mali, ndugu zake, nafsi yake, kisha anamweka rehani mkewe. Draupadi anapoitwa barazani anauliza: alijipoteza yeye kwanza, au mimi? Kama kwanza alijipoteza yeye, mtumwa ana haki gani ya kumweka mtu rehani? Bhishma, mzee wa ukoo anayejua kila sheria, anasema dharma, yaani haki na wajibu, ni jambo la hila na hawezi kujibu. Wazee karibu wote wamekaa kimya, na mwanamke amevutwa kwa nywele akiwa katika siku zake, na nguo moja mwilini.

Dhana: Vyasa ni mtunzi aliyekaa kando akisimulia

Hapana, yumo ndani. Mfalme Vichitravirya alikufa bila mtoto, na mama yake Satyavati akamwita Vyasa, mwanawe wa kabla ya ndoa, azae na wajane wa marehemu. Desturi hiyo iliitwa *niyoga*, na watoto walihesabiwa ni wa marehemu. Msomaji anayejua habari za kurithi wajane huku kwetu hatahitaji maelezo mengi. Mmoja alifumba macho kwa hofu, mtoto akazaliwa kipofu; mwingine alipauka, mtoto akawa mweupe. Hao ni Dhritarashtra na Pandu, na watoto wao ndio waliopigana. Vitabu vya sheria vya zama za kati viliiweka niyoga kwenye orodha ya mambo yasiyofaa tena katika zama hizi.

Dhana: Sadaka za tenzi zilikuwa maua, matunda na samli

Orodha hiyohiyo ilikataza pia kafara ya farasi, ambayo katika tenzi zote mbili inafanywa kikamilifu. Farasi aliachwa atembee mwaka mzima, jeshi likimfuata. Mfalme ambaye farasi amepita kwake alitii au alipigana. Aliporudi, alichinjwa. Katika kafara ya Yudhishthira wanyama 300 walifungwa kwenye nguzo, Draupadi akalazwa kando ya farasi aliyekufa kama ibada ilivyotaka, na mafuta ya mnyama yakachomwa. Yudhishthira na ndugu zake wakanusa moshi wake, kwa imani kwamba unaondoa dhambi. Walikuwa na dhambi nyingi za kuondoa. Binamu zao karibu wote walikuwa wamekufa vitani.

Ibada ikiwa imekwisha, Mabrahmini wameshiba na kusifu, akatokea nguchiro, nusu ya mwili wake dhahabu. Akasema sadaka yote ile haifikii kibaba cha unga wa shayiri. Akasimulia: palikuwa na Brahmini maskini aliyeishi kwa kuokota nafaka zilizobaki mashambani, yeye, mkewe, mwanawe na mkaza mwana. Wakati wa njaa walipata unga kidogo wakaugawa mafungu manne. Mgeni akaingia. Baba akampa fungu lake, hakushiba. Mke akatoa lake, kisha mwana, kisha mkaza mwana. Nguchiro alijigaragaza kwenye chembe za unga zilizobaki sakafuni, na upande mmoja ukageuka dhahabu. Tangu siku hiyo huzunguka kwenye kila kafara kutafuta dhahabu ya upande wa pili, na hapa kwa Yudhishthira ameikosa tena. Akatoweka.

Wahubiri wengi hukomea hapo, wakisema utenzi umezikana kafara. Lakini Janamejaya, anayesimuliwa kisa hiki, hakuridhika, akauliza nguchiro yule alikuwa nani. Akajibiwa: alikuwa Dharma, mungu wa haki, aliyejigeuza Hasira na kuharibu maziwa ya ibada ya mtawa Jamadagni ili kumjaribu. Mtawa hakukasirika, lakini mizimu ya wazee ilimlaani awe nguchiro hadi siku atakapomkashifu Dharma. Na Yudhishthira, kwa imani ya utenzi, ni mwana wa Dharma na ni Dharma mwenyewe. Basi nguchiro alikuja kwenye kafara ile kujivua laana yake.