Kujua kutafuta makala si kujua kufanya utafiti

Nimeandikiwa tena. Safari hii ni mkuu wa maktaba ya chuo kimoja, mtu ninayemheshimu, anaomba mafunzo ya siku mbili ya SPSS, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ili wakutubi wake waanze kuchapisha na kupanda vyeo. Siku mbili zinatosha, anasema, kwa sababu "hawa utafiti wanaujua, wanashinda nao kutwa."

Hawashindi nao. Wanashinda na utafiti wa watu wengine. Muuza nyavu pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, anajua kila ukubwa wa jicho la wavu, na hakuna anayemdhania kuwa nahodha. Mkutubi mzuri atakutolea makala arobaini kabla chai haijapoa, na marejeo atayapanga kwa mtindo wa APA bila kukosea nukta. Muulize yeye mwenyewe anataka kujua nini, uone ukimya.

Wala si ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 2010 Marie Kennedy na Kristine Brancolini wa Chuo Kikuu cha Loyola Marymount, Los Angeles, waliwauliza wakutubi wa vyuo kama shahada ya uzamili iliwaandaa vya kutosha kufanya utafiti. Waliosema ndiyo ni asilimia 26 tu. Baadaye ikazaliwa IRDL (Institute for Research Design in Librarianship), programu ya kuwafundisha wakutubi utafiti, kundi la kwanza likaingia 2014: ulikuwa unaomba nafasi ukiwa na andiko lako la utafiti, unapikwa kwenye warsha ya kiangazi, kisha mwaka mzima unafanya utafiti wenyewe huku ukiwa na watu wa kukushika mkono. Mwaka mzima.

SPSS nimalizane nayo upesi. Mwenye swali na data ataielewa kwa kiasi anachokihitaji. Asiye navyo atabofya bofya, apate jedwali, alibandike.

Kinachonitoa jasho ni swali. Nikiomba mada, naletewa ileile: "Uelewa na matumizi ya rasilimali za kielektroniki miongoni mwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, Chuo Kikuu cha Fulani." Matokeo naweza kuyaandika sasa hivi bila hojaji hata moja: intaneti inasuasua, umeme unakatika, wanafunzi hawajapata mafunzo. Pendekezo: maktaba iongeze mafunzo. Jibu ukilijua kabla ya kukusanya data, umeandaa ripoti ya kuombea bajeti. Ni kazi halali, ila tuiite hivyo.

Halafu hiyo hojaji anaigawa nani? Mkutubi yuleyule ambaye keshokutwa atamsainia mwanafunzi fomu ya kumaliza chuo, kuthibitisha kwamba hadaiwi kitabu. "Je, unaridhishwa na huduma za maktaba?" Jamani, ajibu nini? Anaridhishwa sana! Tunachukua heshima na woga, tunavipigia wastani hadi desimali ya pili, tunaviita kuridhika.

Na wakati huohuo tumekalia data ambayo mhadhiri wa idara nyingine angeililia. Mmoja wa ninaowalea alikuja na mada ile ya uelewa. Nikamwomba aiache kando, afungue kumbukumbu za utafutaji kwenye katalogi yao ya Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, aondoe kwanza chochote kinachomtambulisha mtumiaji, kisha asome tu. Akakuta wanafunzi wanaandika kichwa kizima cha tasnifu yao kwenye kisanduku, kuanzia "tathmini ya" mpaka jina la wilaya, wanapata sifuri. Swali likajileta: baada ya sifuri, hufanya nini? Hufupisha? Hubadilisha lugha? Huondoka? Hilo linahesabika, jibu lake hakuna aliyelijua, na hahitaji kumwuliza mtu kama ameridhika. Tukabishana wiki kadhaa juu ya jambo dogo: mtu akikaa kimya dakika ngapi ndipo tuseme ameondoka? Akiweka dakika kumi, waliokata tamaa ni wengi; akiweka thelathini, wanapungua. Hakuna mwongozo utakaomwamulia. Inabidi achague, aeleze sababu, aonyeshe jibu linavyobadilika akichagua vingine. Ubishi huo ndio mafunzo yenyewe, nao hauingii kwenye slaidi.

Ndiyo maana nasisitiza ulezi. Mlezi simaanishi bosi anayeongezwa jina kwenye makala aliyoisoma ikishachapishwa. Namaanisha mtu wa kusoma ukurasa mmoja mbovu kila baada ya muda na kuuliza "umejuaje?" Kama mlezi huyo anafaa kutoka ndani ya maktaba hiyohiyo, sina hakika. Anayekujazia tathmini ya kazi ni vigumu kumwonyesha ukurasa mbovu. Wa nje naye hajui siasa za kaunta yenu.

Na kuna linalonisumbua zaidi. Wanaofanikiwa kwenye programu hizi ni wale waliojitokeza wenyewe, wenye andiko tayari. Huenda wangechapisha hata bila sisi. Ili kujua, ingebidi tuwachague waombaji kwa bahati nasibu, wengine waingie na wengine wasubiri, kisha tuwalinganishe, na sijamwona mfadhili wa kulikubali hilo kwa furaha.

Nisicho na shaka nacho ni ratiba ya zamu. Huyo wa Koha alifika mwisho kwa sababu msimamizi wake alimtoa kaunta kila Jumatano asubuhi, akamweka mtu mwingine. Mwenzake mwenye swali zuri kuliko lake hakutolewa, na andiko lake bado liko ukurasa wa tatu.